Modeli Yasema Saa 19, Mashine Yachukua 28

SWALI: Salaam, wataalamu. Nakausha kwa kugandisha (barafu inageuka mvuke moja kwa moja ndani ya vakyumu) myeyusho wa sukrosi, yaani sukari ya kawaida, 5%, kwenye vichupa vya ml 10 vyenye ml 3 kila kimoja. Rafu iko nyuzi -20, presha paskali 10. Ukinzani wa tabaka kavu, yaani jinsi linavyozuia mvuke kutoka, nimeupima, ila kipimo cha joto linalopita kwenye kichupa, Kv, nimekitoa kwenye makala: wati 20 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Modeli yangu ya Excel inasema barafu itakwisha kwa saa 19 na nusu. Mashine inachukua 28. Nikashusha presha hadi 5 ili vakyumu ivute zaidi, ndiyo kwanza ikafika 31! Nimekosea wapi?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Milinganyo yako haina kasoro. Kasoro ni hiyo 20 ya kuazima.

Kila gramu ya barafu inahitaji takriban joule 2,840 ili igeuke mvuke, na joto hilo linatoka kwenye rafu. Kitako cha kichupa kimebonyea kwa ndani, kinagusa rafu kwa ukingo tu. Sehemu nyingine joto linavushwa na gesi chache zilizobaki. Ukishusha presha umeondoa kivushio chenyewe. Mvuke unapata njia, lakini barafu inakosa joto na kuzidi kupoa. Saa zako 31 si ajabu hata kidogo.

Kv ipime kwenye mashine yako, kwa presha ileile utakayotumia. Jaza vichupa ml 3 za maji yaliyotoneshwa, pima kila kimoja kwa mizani ya 0.001 g, weka thamokapo (waya wa kupimia joto) chini kabisa katika vichache, gandisha, kausha kwa saa 4, simamisha, pima tena. Tuseme kichupa chenye kipenyo cha mm 24 (eneo la kitako sm² 4.52) kimepoteza g 0.55, na rafu ilizidi barafu kwa wastani wa nyuzi 20. Zidisha 0.55 kwa 2,840, kisha gawanya kwa zao la eneo katika mita za mraba, sekunde 14,400 (saa 4) na nyuzi 20. Utapata Kv ya 12, na ukiirudisha kwenye modeli yako itatoa karibu saa 28.

Vichupa vya pembeni vihesabu peke yake, maana vinapokea joto la ukuta na mlango. Ukivichanganya na vya katikati, wastani wako hautafaa popote.

Kwa hewa ya Mtwara kuna mtego kwenye mizani. Kichupa kikitolewa kikiwa baridi hutoka jasho papo hapo, na maji yaliyopotea yanaonekana machache kuliko kweli. Kifunike kwa kizibo, kiache kifikie joto la chumba, kifute, ndipo upime.

Pia tuambie presha unaisoma kwa geji gani. Kama ni Pirani (geji inayokadiria presha kwa joto linalobebwa na gesi), ndani ya mvuke wa maji husoma hadi mara 1.6 ya presha halisi, kwa hiyo 10 yako inaweza kuwa 6 na kidogo.

Ukitaka kuharakisha, acha presha ilipo, pandisha rafu hadi -15. Kwa Kv 12, barafu itapanda kutoka -35 hadi karibu -34 tu, na muda utashuka hadi saa 22 au 23. Sukrosi huanza kuporomoka, yaani tabaka kavu hulainika na kupoteza umbo, barafu ikifika karibu na -32, kwa hiyo chunga saa za mwisho: tabaka kavu limeshakuwa nene, mvuke unatoka kwa shida, na barafu iliyobaki inapata joto kuliko mwanzo.