Mwalimu, "inveterate" si ndiyo sugu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza sekondari huku Mafinga. Kijana wetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita kaniomba barua ya kumtambulisha kwa mwajiri. Ni mchapakazi haswa, nami nikaandika "he is an inveterate worker". Mwalimu mwenzangu anasema nimemharibia, eti neno hilo ni la walevi na waongo. Kamusi yangu ndogo inasema "sugu", basi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako yuko sahihi. Barua hiyo usiitume.

"Inveterate" ni mtu aliyezama kwenye tabia miaka na miaka, hata watu wamekata tamaa kwamba ataiacha. Asili yake ni Kilatini "vetus", yaani -a zamani, na "veteran" limetoka hukohuko. Chukua mnywaji wa ulanzi wa hapo kwenu. Yule anayekunywa wakati wa mvua, mianzi inapogemwa, kisha mvua zikikatika anarudi kwenye chai yake, huyo si "inveterate drinker", hata kama msimu mzima alikuwa anapepesuka njiani. Lakini yupo ambaye ulanzi ukiisha anahamia kwenye komoni. Mkewe kasema, mchungaji kasema, wazee wamemweka kikao, na jioni unamkuta kilabuni palepale. Huyo ndiye "an inveterate drinker".

Kamusi yako haijakosea. Ila "sugu" letu lina kazi nyingi mno. Ugonjwa sugu kwa Kiingereza ni "chronic", na vimelea sugu visivyosikia dawa ni "resistant". Zamani Waingereza walisema "inveterate" hata kwa magonjwa. Siku hizi limebaki zaidi kwenye tabia, na kwenye chuki ya siku nyingi. Mimi hupenda kulifasiri "aliyekubuhu": mwongo aliyekubuhu, mcheza kamari aliyekubuhu.

Tena sisi wa Mbeya sugu tunaweza kulivaa kwa fahari. Joseph Mbilinyi, msanii wa hip hop aliyekuwa mbunge wetu wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, ndilo jina lake la usanii, na hakuna anayelisikia kama tusi. "Inveterate" halina bahati hiyo. Utalikuta mara mojamoja likisemwa kwa upole, kama "an inveterate traveller", mtu ambaye nyumbani hakaliki. Hata hapo msemaji anamtikisia kichwa kidogo. Mwajiri akilikuta kwenye barua ya kazi ataanza kujiuliza kijana ana kasoro gani.

Ukilifundisha darasani, liweke mbele ya nomino ya mtendaji: liar, gambler, smoker. "Very" usiliongezee, maana uzito limeshaubeba lenyewe. Kwenye matamshi sisi hupeleka mkazo karibu na mwisho, kama tulivyozoea kwenye Kiswahili, tukasema "inveteréti". Mkazo uko kwenye "ve", na mwisho husikika "rit".

Jambo moja nakusihi sana: waonye wanafunzi wasilichanganye na "invertebrate" walilolisoma kwenye baiolojia. Hao ni viumbe wasio na uti wa mgongo, konokono na nyungunyungu. Maneno haya yanafanana kwa macho tu, na kwenye insha ya mtihani herufi mbili tatu zinatosha kumgeuza mwongo kuwa konokono.

Kijana mwandikie hivi: "He is a diligent and dependable worker." Halafu taja kazi moja uliyomwona akiifanya mwenyewe, iwe bustani ya shule, iwe maktaba, na aliifanya kwa muda gani. Ukishaiandika upya niletee niipitie kabla hujaituma.