Asilimia za makundi ya kipaumbele kwenye swichi

Ukilipa kundi la trafiki ya hifadhi ya data (storage) asilimia 60 ya uwezo wa poti na la mtandao wa kawaida 50, swichi inakataa kwa sababu jumla ya asilimia za makundi yote lazima iwe 100. Anza na 50 kwa 50. Wala usiogope, hizo asilimia si ukomo: kundi moja likiwa kimya, jingine hutumia nafasi yake. Kipaumbele namba 3, ambacho kwa kawaida ndicho cha FCoE (trafiki ya hifadhi inayopita kwenye Ethernet), kipe kundi lake peke yake na uwashe PFC (usimamishaji wa muda wa kipaumbele kimoja ili pakiti zisipotee) hapo tu, si kwa vipaumbele vyote 8. Kundi namba 15, kama swichi yako inalo, halina asilimia, huhudumiwa kwanza. Ukilitupia trafiki nzito, mengine yatakufa njaa. LLDP (itifaki ya vifaa jirani kujitambulisha) iwe imewashwa kwenye poti, maana DCBX, itifaki ya kubadilishana mipangilio hii, hupita humo kuipa seva mipangilio.