Miaka 14 kwenye eksirei, jicho la kushoto lina ukungu: ni mionzi?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Tanga mjini, nna miaka 41, kazi yangu eksirei mwaka wa 14 sasa. Miaka 9 ya mwanzo nilikuwa chumba cha kawaida, napiga picha nikiwa nyuma ya ukuta, hii 5 ya mwisho nashinda thieta, chumba cha upasuaji, na ile mashine ya eksirei yenye mkono (C-arm), madaktari wanapiga vyuma miguu ya bodaboda na mara nyingi mi ndo naushika mguu. Jicho la kushoto limeanza ukungu, usiku taa za magari zinatawanyika. Mwenzangu anasema mionzi imeshanila niache kazi, lakini beji yangu ya kupimia mionzi kila ikisomwa iko chini. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mi si daktari wa macho, kazi yangu ni usalama wa mionzi, kwahiyo jicho lenyewe wataliangalia wenyewe, mi ntasemea dozi, yaani kiasi cha mionzi ulichopata. Na kwenye dozi hiyo miaka 14 hainiambii kitu mpaka nijue kichwa chako kilikuwa wapi mashine ikiwaka.

Ile 9 ya nyuma ya ukuta iweke pembeni. Mtu wa chumba cha kawaida anayejificha vizuri mara nyingi hafikishi hata milisievati 2 (kipimo cha dozi) kwa mwaka, sasa hata tukisema 2 kamili, mara 9 ni 18. Kiwango ambacho wataalam wa ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, wanakichukulia kuwa mtoto wa jicho (ukungu kwenye lenzi ya jicho) anaweza kuanzia hapo ni nusu grei, kipimo kingine cha mionzi, yaani kama milisievati 500 hivi kwa mionzi ya eksirei. Hapo bado mbali sana.

Thieta ndo kuna maneno. Pale mionzi inayokupata haitoki moja kwa moja kwenye mashine, inagonga mguu wa mgonjwa halafu inatawanyika, na wewe mguu umeushika, uso uko juu yake. Tupige hesabu ya mfano tu, si kwamba ndo yako: tuseme kila mgonjwa jicho linapata maikrosievati 50 (elfu moja ni milisievati 1) kwa mtu asiye na miwani, wagonjwa 10 kwa wiki, hiyo ni nusu milisievati kwa wiki, wiki 50 unafika 25 kwa mwaka. Zamani kikomo cha jicho kilikuwa milisievati 150 kwa mwaka kwahiyo 25 hakuna aliyeshtuka. Mwaka 2011 ICRP wakakishusha mpaka 20, wastani wa miaka 5, na mwaka wowote usivuke 50, maana walikuja kuona macho yanaharibika kwa dozi ndogo kuliko walivyodhani, wakiwemo wale waliosafisha Chernobyl. Kwa hesabu hiyo yetu umeshavuka kikomo cha mwaka, ila kwa miaka 5 jumla ni 125, 500 bado.

Sasa beji. Umesema iko chini, sawa, unaivaa wapi? Kama iko kifuani ndani ya aproni ya risasi (yale madini mazito yanayozuia mionzi) basi inakusomea kifua kilichofunikwa, jicho halimo. Omba ya pili, ikae kwenye kola nje ya aproni upande wa kushoto, TAEC, tume ya nguvu za atomiki Tanzania, waisome kivyake. Na tafadhali usiiache kwenye dashibodi ya gari, joto lile linafuta kumbukumbu ya beji taratibu, ikifika kusomwa inaonekana kama ulikuwa likizo.

Mwenzako ana hoja kidogo lakini. Lenzi haina damu inayopita, seli zilizoharibika hazina pa kutokea, zinasogea kwenda nyuma ya lenzi na kujikusanya pale katikati kabisa mwanga unapopita, ndo maana mtoto wa jicho wa mionzi anaanza kwa kusumbua kwenye jua kali na taa za usiku kama unavyosema. Na kushoto ndo upande unaoumia zaidi kwa watu wengi wa thieta, kutokana na wanavyosimama. Ila sukari inaleta hali hiyohiyo, na steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho) pia, na hapa nakuuliza kabisa: yale matone ya macho yakiwasha unayonunua duka la dawa bila cheti umetumia muda gani? Mengine yana steroidi ndani. Daktari akikuta ukungu nyuma ya lenzi hawezi kukuapia umeletwa na nini.

Kuacha kazi siwezi kukwambia. Kwanza geuza mashine, ile sehemu inayotoa mionzi iwe chini ya meza, ikiwa juu unaoga kichwani. Mguu ukae kwenye vishikizo, rudi nyuma hatua, ukitoka nusu mita ukaenda mita moja dozi inabaki kama robo. Miwani ya risasi vaa, yenye kinga ubavuni, maana macho yako yako kwenye skrini na mgonjwa yuko pembeni, bila ubavu mionzi inaingia tu. Hospitali moja niliyokagua miwani ilikuwa imefungiwa kabatini, mpya, eti inaumiza pua na itapotea. Nilimuuliza sista funguo iko kwa nani, hakuna aliyejua.

Wiki hii nenda kliniki ya macho pale Bombo, waambie unafanya kazi ya mionzi na miaka mingapi thieta, wapime na sukari. Akiwa ni mtoto wa jicho kweli, hata wa mionzi anatolewa kwa upasuaji uleule wa kuweka lenzi ya plastiki, hakuna tone wala mti wa mganga unaomyeyusha. Watakuwekea dawa ya kupanua mboni ndo waone nyuma ya lenzi, kwahiyo pikipiki iache nyumbani, ukitoka pale saa sita na jua lile hata geti hulioni.