Maswali ya Wasomaji: Seva Zimezidi Orodhani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kazini tumepokea seva mpya, nami nimepewa jukumu la kuzisajili kwenye Ironic, ile huduma ya OpenStack inayosimamia seva halisi. Niliandika faili moja la YAML, muundo wa kuandika data kwa maandishi ya kawaida, lenye seva zote, nikatoa amri ya openstack baremetal create. Nyingi zilipita, lakini chache zilikataliwa kadi zao za mtandao kwa madai kwamba anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi, si sahihi. Nimezilinganisha na vibandiko herufi kwa herufi, ni zilezile. Nikatuma faili lilelile tena nikitumaini zilizokwama zitaingia. Sasa orodha ina seva nyingi kuliko zilizomo kwenye raki. Nianzie wapi?
Msimamizi mpya wa mifumo

JIBU: Marahaba. Usifute orodha nzima. Una matatizo mawili yaliyopandana, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na MAC, maana hapo ndipo wengi hukesha bure. Programu inayosoma faili lako inafuata kanuni za YAML 1.1, na kanuni hizo zinakubali namba za mfumo wa sitini, kama tunavyoandika saa, dakika na sekunde. Chukua anwani 52:54:00:12:34:56, ya aina ambayo QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, huzipa mashine pepe za majaribio. Wewe unaona anwani. Msomaji wa YAML anaona saa ndefu sana, anaipigia hesabu, na kinachokwenda kwenye Ironic ni 41135085296. Bila shaka inakataliwa.

Sasa utaelewa kwa nini zimekwama chache tu. Anwani yenye herufi yoyote kati ya a na f inasalimika. Inayoanza na sifuri inasalimika pia, na hata ile ambayo jozi yake mojawapo baada ya ya kwanza imefika 60. Zinazoumia ni zile za tarakimu tupu zenye jozi ndogo. Rudi kwenye faili uzitazame hizo zilizokataliwa, utakuta zote zina sura hiyo. Dawa ni alama za nukuu: "52:54:00:12:34:56". Zitie kwenye kila anwani, hata zile ambazo leo hazina shida, kwa sababu faili hili litanakiliwa kwa raki ijayo.

Nywila nazo zina ugonjwa huohuo. Nywila 004512 bila nukuu husomwa kama namba ya mfumo wa nane, na BMC, yaani ile kompyuta ndogo ndani ya seva inayopokea amri za kuwasha na kuzima, itapelekewa 2378. Neno no bila nukuu linageuka kuwa sivyo ya kimantiki (false). Nywila ikiwa na nafasi inayofuatwa na alama ya reli (#), kila kitu baada ya nafasi hiyo huchukuliwa kuwa maelezo na kutupwa. Makosa haya ni mabaya kuliko la MAC kwa sababu usajili unapita vizuri kabisa, halafu seva inagoma kuwashwa siku nyingine, na mtu anakwenda kulaumu nyaya.

Tatizo la pili ni hizo seva zilizozidi. Amri uliyotumia huumba tu. Hailinganishi faili na kilichopo, wala hairudi nyuma ikikwama. Inasoma faili, inakagua mpangilio wake wa jumla, kisha inaumba seva moja na baada yake kadi za mtandao zilizo chini yake. Kadi ikikataliwa, seva inabaki na amri inaendelea na inayofuata. Ulipotuma mara ya pili, seva ambazo hukuzipa jina ziliumbwa upya bila kipingamizi, ila kadi zao zikakataliwa kwa kuwa MAC haiwezi kusajiliwa mara mbili. Kwa hiyo seva za ziada zote hazina kadi hata moja. Na zile zilizokwama mwanzo nazo, ikiwa kila moja ina kadi moja tu kwenye faili, hazina pia.

Hiyo inakurahisishia. Toa orodha ya kadi, toa orodha ya seva, futa kila seva ambayo haina kadi. Zingali kwenye enroll, hatua ya kwanza kabisa ya usajili, hakuna kilichowekwa juu yake. Kisha andika faili dogo lenye zile zilizokataliwa peke yake, safari hii kila moja na jina lake. Majina hayarudiwi ndani ya Ironic, hivyo faili likitumwa mara mbili kwa bahati mbaya, seva yenyewe itakataliwa mlangoni. Mimi napenda jina litokane na raki na nafasi, kwa mfano r07-u21, ili anayekwenda kubadilisha diski asihitaji kumuuliza mtu.

Ushauri ninaousisitiza kuliko yote: usiandike faili hili kwa mkono. Weka jedwali lenye safu ya jina, anwani ya BMC, MAC na namba ya kiwandani, ulihifadhi kama CSV, yaani maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato, kisha programu fupi ya Python ilisome na kutoa JSON, muundo mwingine wa kuandika data. Moduli ya csv husoma kila kitu kama maandishi, na JSON haina michezo ya saa wala mfumo wa nane. Ironic inapokea JSON sawasawa na YAML. Angalia tu programu yako ya majedwali isile sifuri za mbele kwenye safu ya namba ya kiwandani. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla hujaanza kujaza. Kabla ya kutuma, programu hiyohiyo ihesabu kama kuna MAC au anwani ya BMC iliyojirudia. Kisha tuma seva moja, ifikishe hatua ya manageable, ambapo Ironic inahakikisha kwamba inaweza kuongea na BMC. Ikipita, tuma zilizobaki.

SWALI: Tuna seva ambazo tayari zinafanya kazi na zina data. Je, nazo naweza kuzisajili kwa njia hiihii?

JIBU: Kuzisajili, ndiyo. Lakini tafadhali sana, usizipitishe kwenye amri ya provide, inayoifanya seva iwe tayari kugawiwa. Njia ya kwenda hatua hiyo, iitwayo available, hupitia usafishaji, na usafishaji wa kiotomatiki ukiwa umewashwa unafuta diski. Zitenge kwenye faili lake, zifikishe manageable, kisha tumia amri ya adopt, ambayo huipeleka seva moja kwa moja kwenye active, yaani hatua ya seva inayotumika, bila kuisafisha wala kuiwekea mfumo. Utahitaji kujaza kwanza taarifa za mfumo uliomo. Usiendeshe pia ukaguzi wa vifaa unaowasha mfumo mdogo ndani ya seva, kwa sababu seva itajizima na kuwaka upya kazi zikiwa juu yake.

SWALI: Nywila za BMC nizihifadhi wapi? Faili langu liko kwenye Git.

JIBU: Zitoe huko leo, na zibadilishe, maana Git inakumbuka matoleo yote ya nyuma. Acha jedwali bila nywila, na programu yako izichukue kwenye hifadhi ya siri wakati wa kutengeneza JSON, ambayo utaifuta ukishatuma. Usitegemee kuzisoma tena kutoka Ironic, kwani itakuonyesha nyota tupu. Na kama mnaongea na BMC kwa itifaki ya IPMI 2.0, nywila isizidi baiti 20.