Shangazi wa Jikoni: Samaki mbichi juu ya wali, nile nisile?

Mwezi huu barua za samaki mbichi zimekuja nyingi, sijui nani kaanzisha. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa manake mwenye nayo anakaribia kusafiri.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni bwana shamba, niko Moshi, nimepata nafasi ya kwenda Japani kozi ya kilimo cha mpunga. Wenzangu waliotangulia wanasema wikendi wenyeji wanawapeleka sokoni asubuhi kula bakuli la wali lililofunikwa samaki mbichi juu. Mimi nimekulia Rau, kwetu samaki ni sato wa kukaanga mpaka anakauka. Naogopa kuugua ugenini, alafu sijui hata kuagiza naanzaje. Nisaidie.
Msomaji, Moshi

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Jibu langu ni ule, tena ule kwa raha zako. Hicho chakula kinaitwa kaisendon, nimekila Tokyo pale soko la samaki la Tsukiji, kwenye kibanda chenye viti vichache vya kukaa mbele ya kaunta, mpishi anakatia samaki mbele ya macho yako, na kiukweli ni kati ya vitu vitamu nilivyowahi kuweka mdomoni. Chini kuna wali wa vuguvugu, juu wanapanga vipande vya jodari mwekundu kama nyama ya ng'ombe, samoni wa rangi ya chungwa, kamba, ngisi mweupe, na mayai ya samoni yale ya duara yanayong'aa, wanayaita ikura, ukiyauma yanapasuka yanatoa chumvichumvi ya bahari. Na hakuna shombo. Hapo ndo sisi watu wa bara tunaposhindwa kuamini, manake samaki tunamnusa kabla hatujamuona, kumbe shombo kali sio asili ya samaki wa baharini, ni dalili kwamba ameshakaa. Samaki aliyetunzwa vizuri anatoa harufu ya maji ya bahari basi.

Sasa kwa nini watu hawaugui? Sio kwamba wenzetu wana matumbo ya chuma, na wala sio ile wasabi ya kijani inayopanda puani. Ni baridi na mikono. Samaki wengi wa bei wanauliwa kwa namna yao wanaiita ikejime, anachomwa ubongo papo hapo, anatolewa damu, alafu anaingia kwenye barafu, kwa hiyo hahangaiki mpaka nyama ikaharibika. Jodari wanaovuliwa mbali wanagandishwa melini kwenye baridi ya karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kipande unachokula kiligandishwa, kugandishwa kule sio udanganyifu, ni sehemu ya usalama wako. Hata samoni ana historia yake, Wajapani wa zamani hawakuwa wanamla mbichi hivihivi kwa sababu samoni wao wa porini ana minyoo, ni Wanorwei ndo walioanza miaka ya 1980 kuwauzia samoni wa kufugwa na kuwashawishi kwamba huyu analika mbichi. Kutoka boti mpaka bakuli, baridi haikatiki, na anayemshika anajua anachofanya. Hiyo ndo siri yote, nitairudia kwenye barua ya pili.

Soko la jumla la Tsukiji lilifunguliwa 1935, na Oktoba 2018 likahamia Toyosu. Mtu asikudanganye kwamba Tsukiji imekufa, kilichohama ni mnada na wauzaji wa jumla, ule upande wa nje wenye maduka na vibanda vya kula upo palepale na asubuhi watu wanabanana. Nenda mapema, saa nane mchana wengi wanafunga. Jumapili na baadhi ya Jumatano soko la jumla linapumzika na vibanda vingi navyo vinafuata, kwa hiyo muulize mwenyeji kwanza.

Kuagiza usiogope. Sehemu nyingi wana picha ukutani au sampuli za plastiki dirishani, unaonyesha kidole. Zingine zina mashine mlangoni, unaingiza hela, unabonyeza picha, inatoka tiketi unampa mhudumu. Bei ya bakuli la kawaida inacheza kwenye yeni 1,500 mpaka 3,000, likiwekwa uni inapanda. Uni ni yule mnyama mwenye miiba anayechoma watu miguu pale Tanga, wenzetu wanakula yale ya njano ya ndani, laini, matamu, wengine hawayawezi na sio dhambi. Bakshishi hakuna kabisa, ukiacha hela mezani watakukimbiza barabarani kukurudishia.

Ukishaletewa, usikoroge. Najua mkono utataka kuchanganya kama wali maharage, jizuie. Weka wasabi kidogo juu ya kipande cha samaki, kidogo kweli, shika kipande na wali wake wa chini kwa vijiti, chovya kwenye mchuzi wa soya ulioko kwenye kisahani au nyunyizia kwa juu, watu wanafanya vyote viwili. Bakuli ruksa kulinyanyua kwa mkono wa kushoto ulisogeze mdomoni. Vijiti vikikushinda, omba kijiko hakuna atakayekucheka, ila usivisimamishe wima katikati ya wali, kule hiyo ni ya msibani. Tangawizi ya siki iliyoko pembeni ni ya kusafisha mdomo kati ya samaki na samaki. Ukimaliza inuka, usikae kupiga stori, kuna watu foleni nje wanasubiri kiti chako. Ukitoka sema gochisosama, yaani asante kwa chakula, mpishi atafurahi.

Ukibahatika kufika Hokkaido, kaskazini, basi tafuta soko la Washo mji wa Kushiro. Pale unanunua kwanza bakuli la wali mtupu, alafu unazunguka nalo meza kwa meza unachagua mwenyewe kipande cha huyu na kipande cha yule mpaka hela iishe. Mimi hii ndo naipenda kuliko zote, unakula unachotaka tu. Na ukiwa Hakodate wakikuletea ngisi aliyevuliwa kwenye tangi muda huohuo, ukimwagia mchuzi wa soya mikono yake itachezacheza. Ameshakufa huyo, ni chumvi ya mchuzi inashtua misuli, usikimbie meza.

Kama roho inakataa kabisa sema mapema, mwenyeji hatakununia, hapohapo sokoni kuna bakuli la kamba na samaki wa kukaanga linaitwa tendon, na samaki wa kuchoma wapo. Ila jaribu hata kipande kimoja. Mtu aliyekulia Kilimanjaro ambako kisusio chenye damu ya mbuzi ni chakula cha heshima haogopi kitu kwa sababu ni kigeni. Na ukiongea nao kuhusu wali watajie Chekereni na Mabogini, mifereji ya mpunga ya Lower Moshi ilijengwa kwa ushirikiano na Japani miaka ya 1980, utaona wanavyochangamka.

Habari za kazi Shangazi. Niko Sakina, Arusha. Watoto wameona hilo bakuli kwenye simu wananisumbua kila siku. Kuna jamaa analeta jodari kutoka Tanga kwa basi la usiku, kwenye deli la barafu, ananiapia amevuliwa jana. Nataka Jumapili niwafanyie sapraizi nyumbani, nimkate mbichi nimloweshe ndimu na wasabi, si wadudu wanakufa?
Baba wa wawili, Sakina

Baba, hapana. Naomba unielewe vizuri, nia yako nzuri sana na watoto wana bahati, lakini huyo jodari usiwape mbichi.

Kwanza ndimu haiui. Siki haiui, wasabi haiui, mchuzi wa soya hauui. Kuna mnyoo anaitwa anisakisi, mweupe, mwembamba, unamuona kwa macho ukiangalia vizuri, anakaa kwenye samaki wengi wa baharini na ngisi, ukimmeza mzima anajichimbia kwenye ukuta wa tumbo na maumivu yake mtu anakunjika. Huyu anakufa kwa moto wa maana au kwa kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 na zaidi, na hiyo ni mpaka katikati ya nyama sio ngozi tu. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila mtoto akitaka barafu, na umeme ukikatika, haifiki hapo.

Kwa jodari lakini mimi hofu yangu kubwa zaidi ni nyingine. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama. Mtu anakula, muda mfupi tu uso unamuwaka, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, moyo unaenda mbio. Na histamini ikishaingia haitoki, kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Sasa hesabu na wewe, samaki kavuliwa, kakaa kwenye boti muda gani hujui, kapita mnadani, kapanda basi zaidi ya kilomita 400, barafu imeyeyuka njiani ikaongezwa au haikuongezwa, jamaa yako mwenyewe hajui. Hata anayesema ukweli kwamba amevuliwa jana hakwambii alikaaje tangu hiyo jana. Kwa hiyo hata wa kupika, fungua deli mwenyewe, barafu iwepo bado, nyama iwe ngumu ukibonyeza, akinuka au rangi imekuwa ya kahawia muache.

Na kabla hujauliza, sato na sangara wa Mwanza na wale wa Nyumba ya Mungu ndo kabisa usiguse mbichi. Samaki wa maji baridi ana minyoo ya aina yake, hata Wajapani wenyewe kwa kawaida hawamli mbichi.

Ila bakuli utawafanyia, tena zuri. Chukua vikombe viwili vya mchele, osha mpaka maji yaache weupe, pika bila mafuta na maji kidogo zaidi ya unavyozoea ili ushikane, mchele wetu unapenda kuachana. Pasha siki vijiko vikubwa vinne na sukari viwili na chumvi kijiko kidogo mpaka vyote viyeyuke, mwagia kwenye wali wa moto, geuza kwa mwiko kama unaukata, usiuponde. Huku chemsha kamba mpaka wageuke rangi ya chungwa. Ngisi mchemshe dakika moja mbili tu, ukimpitiliza anakuwa raba. Jodari mpake mchuzi wa soya na tangawizi, mchome kwenye kikaango mpaka aive ndani. Kaanga yai bapa, tia sukari kidogo, likate nyuzi nyuzi. Panga vyote juu ya wali, ongeza tango na parachichi, maana parachichi tunalo sisi, Tokyo lingekuwa ghali. Watoto wapange wenyewe bakuli zao, kila mtu anachotaka, kama vile wanavyofanya kule Kushiro. Watafurahi kuliko ungewaletea limeshapangwa.

Assalamu alaykum Shangazi. Mwanangu anasoma Japani, ananiambia karibu kila Jumamosi anakula huo wali wa samaki. Samaki najua halali, ila huo mchuzi na hayo makolokolo mengine? Sisi ni waislamu, roho haijatulia.
Mama, Ngarenaro

Waalaykum salaam mama. Wasiwasi wako una msingi, samaki hawana shida, shida iko kwenye viungo. Mchuzi wa soya unachachushwa kwa hiyo unabaki na pombe kidogo ya asili, na chupa zingine wanaongeza. Kuna pia mirin, ni kiungo kitamu chenye pombe, wanakitia kwenye sosi za kupaka. Ikura ndo wa kuangalia sana, yale mayai mara nyingi yanaloweshwa kwenye mchuzi wa soya uliochanganywa na pombe ya mchele. Siki ya mchele ni siki, lakini hili la mchuzi wa soya wenyewe amuulize imamu wa msikiti wa huko, wameshalijibu sana manake wanafunzi waislamu ni wengi.

Kwa vitendo, mwambie anunue kachupa kadogo ka mchuzi wa soya wenye nembo ya halali, unauzwa kule, atembee nako mfukoni, vibanda vingi vya sokoni hawajali mteja akitumia wake. Akikosa, chumvi na ndimu vinatosha, ngisi kwa chumvi na ndimu ni mtamu kweli. Na akiagiza aseme "ikura nashi de", watamuwekea bakuli bila yale mayai, pengine wamjazie samaki mwingine mahali pake.