"UTI sugu" ni ipi hasa?

Swali: Mwaka huu nimetibiwa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) mara tatu. Nesi anasema bakteria wamekuwa sugu, mume wangu anasema mwili wangu umezoea dawa, na jirani anaiita "UTI sugu". Je, wote wanasema jambo moja?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Ni mambo matatu tofauti, na kuyachanganya kunaweza kukufikisha kwenye tiba isiyo yako.

Sugu kwa asili ni ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa. Mshike kiganja mama aliyetwanga miaka mingi: chini ya vidole pamekuwa pagumu, mchi haumuumizi tena. Hapo neno likatoa matawi mawili. Ugonjwa sugu ni ule unaokaa na mtu muda mrefu. Bakteria sugu ni wale ambao dawa fulani haiwaui. Jirani yako yuko tawi la kwanza, nesi la pili (na ngeli kaipatia: wamekuwa, si zimekuwa).

UTI inaweza kukurudia hata kama dawa inawaua bakteria vizuri. Anayesababisha UTI nyingi ni bakteria aitwaye E. koli, na kwao ni utumboni. Akifika kwenye kibofu anakuta mkojo unamsomba na madini ya chuma ni haba. Lakini ana vinyweleo ambavyo ncha zake hukamata sukari iliyo kwenye ukuta wa kibofu, na mkojo ukimvuta, ncha hukaza zaidi, kama tanzi. Chuma hukipata kwa kutoa kemikali zinazokinyakua. Wengine hupenya ndani ya seli za kibofu, dawa ikapita wao wamejificha, kisha wakatoka baadaye. Kwa hayo mimi husema bakteria wamemudu kuishi kwenye kibofu.

Kuzoea ndiko ninakokukataa. Tunasema "mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi": mazoea huyajenga mtu mwenyewe, siku baada ya siku. Usugu hauji hivyo. Dawa inaua walio dhaifu. Anayebaki ni yule ambaye vinasaba vyake vilibadilika, au aliyepokea kinasaba cha usugu kwa bakteria mwenzake. Huyo ndiye anayezaana, na wanawe wanairithi kinga hiyo. Mwili wako haumo kabisa. Hata asiyewahi kumeza dawa hiyo anaweza kuambukizwa bakteria sugu. Kauli ya "mwili umezoea" inanisikitisha kwa sababu humtuma mtu ajiongezee dozi, akidhani tatizo ni yeye.

Na hata kauli ya nesi inahitaji kipimo: mkojo uoteshwe maabara, bakteria watakaoota wajaribiwe kwa dawa mbalimbali. Mpaka majibu yatoke, ukifika kliniki mwambie daktari, "UTI inanirudia," na umtajie dawa zote ulizokwisha kutumia.