Usiku wa kuonja mvinyo Luchelele: mkuu, hizo chupa nyekundu ziondoe mezani

Mkuu, umeuliza kuhusu usiku wako wa kuonja mvinyo, na vibali, na boti. Nimesoma hadi pale uliposema utapanga mvinyo mwekundu wa Dodoma mezani tangu mchana, ufukweni Luchelele hapa Mwanza, "uzoee joto la chumba" kabla watalii wako wa Serengeti hawajafika. Nikaishia hapo. Acha kabisa!

Najua umeitoa wapi hiyo. Na mimi niliuziwa na "mtaalamu" mmoja wa semina, tai shingoni, ada mbele: mvinyo mwekundu haukanyagi friji. Joto la chumba analolisema ni la nyumba za mawe za Ulaya enzi za zamani, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mwanza saa tisa alasiri kina 28! Kwenye joto hilo pombe inapanda puani, tunda linapotea, kinachobaki kinaonjeka kama dawa ya kikohozi iliyosahaulika kwenye daladala.

Nami nikamtii, nikaumwaga hivyo hivyo wa moto. Sasa fikiria Wafaransa wamekaa wanatazama jua likizama ziwani, mimi nimesimama nahubiri zabibu ya Makutupora, jinsi Dodoma inavyovuna mara mbili kwa mwaka, maneno matamu kweli. Wakaonja. Wakatabasamu, ile ya adabu. Wakarudisha glasi mezani zikiwa zimejaa, kisha mmoja akauliza taratibu kama kuna bia baridi. Bia! Niliuza bia nyingi usiku ule, tuseme nilifaulu. Ila wakala aliyewaleta hakuniletea tena mgeni hata wa kusingiziwa, na chupa zilizofunguliwa nikazinywa na mashemeji, ambao hawakulalamika. Yule mtaalamu nilipompigia aliniambia wageni wangu "hawajui mvinyo". Wafaransa, hawajui mvinyo. Hela yangu ya semina naidai mpaka leo.

Kwa hiyo: mwekundu nao unapozwa. Saa moja na ushee kwenye friji, au dakika 15 ndani ya deli lenye maji na barafu. Usiweke barafu tupu, maji ndiyo yanayofikisha ubaridi kwenye chupa yote. Mweupe uache humo mpaka unamiminwa, halafu mpe mgeni na sato wa kuchoma. Barafu ya Mwaloni, kule soko la samaki, inafaa kwa deli, lakini isiguse glasi, labda kama unauza mvinyo wa ladha ya sangara. Mimina kidogo kidogo, maana hata uliopozwa ukikaa kwenye glasi nje unapata moto upesi. Na basi likikuletea katoni kutoka Dodoma, zifuate stendi siku hiyohiyo, zisilale kwenye buti juani.

Taa usiziwashe nyingi, wale wadudu wa ziwani wakiamka watakunywa kabla ya wageni.

Uliuliza na vibali, eti? Na boti. Hayo wengine watakujibu. Mimi niambie kwanza, friji lako linaingiza chupa ngapi?